Kuchagua chuo cha famasia: hesabu miaka ya shahada kwanza

Kabla ya kuuliza chuo kipi kina jina, uliza shahada yake ni ya miaka mingapi na baraza lipi litakusajili nayo. Wengi huanza kuuliza hayo wakiwa wameshavaa joho.

Tanzania, BPharm (shahada ya kwanza ya famasia) ni miaka 4: Muhimbili (MUHAS), Bugando (CUHAS) kule Mwanza, St. John's ya Dodoma. Makerere pia ni 4. Kenya ni 5, uende Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta au JKUAT. Kama utafanya kazi nyumbani, tofauti hiyo haina uzito. Ukihitimu kuna utarajali wa mwaka mmoja, kisha usajili.

Uzito unaonekana ukitaka Marekani. NABP, shirika linalokagua vyeti vya wafamasia waliosoma nje, linadai mtaala wa miaka 5 kwa kila aliyehitimu kuanzia Januari 1, 2003. Mwenye BPharm ya miaka 4 hafiki hata kwenye chumba cha mtihani wa wafamasia waliosoma nje, awe na GPA ya 4.8. Kwake iliyobaki ni kusoma PharmD, shahada ya famasia ya Marekani, ambayo kwa kawaida ni miaka 4 baada ya masomo ya awali ya sayansi. UCSF (Chuo Kikuu cha California, San Francisco) huimaliza kwa 3 kwa kusomesha mwaka mzima bila likizo ndefu.

Uingereza mlango ni mpana zaidi. Unasoma OSPAP, kozi ya wafamasia waliosoma nje, mwaka mmoja, unafanya mafunzo kazini wiki 52, unakaa mtihani wa GPhC, baraza linalosajili wafamasia huko. Ila lazima uwe umesajiliwa, au unastahili kusajiliwa, kama mfamasia ulikosomea, kwa hiyo usikimbie utarajali wa nyumbani.

Angalia pia jina la shahada, neno kwa neno. Kwenye vyuo vya Uingereza kama Nottingham au UCL, inayokufikisha kwenye usajili ni MPharm (shahada ya uzamili ya famasia). BSc ya sayansi ya dawa ni kozi nzuri ya maabara na kiwandani, lakini haikupi leseni ya kusimamia duka la dawa. Mawakala wa vyuo vya nje huziita zote "famasia", maana BSc ni rahisi kuiuza kwa mzazi.

Kwa Tanzania, unahitaji ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha sita. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na kila chuo kina kiwango chake kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka husika. Soma wa mwaka huu, si PDF ya zamani inayozunguka WhatsApp. Aliyesoma CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) hukwama kwenye Fizikia. Mwenye stashahada ya famasia ana njia yake, kwa GPA.

Maombi yanatumwa moja kwa moja chuoni. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, utapata namba ya siri ya kuthibitisha kimoja. Ithibitishe ndani ya muda uliotangazwa, la sivyo nafasi hupewa mwingine.