Jinsi ya kupima moyo wa farasi aliye mazoezini, kwa kidole, saa na daftari

Saisi (mtunza farasi) mgeni kwenye mabanda ya Ngong, hapa Nairobi, hachukui muda kuniuliza: "Mwalimu, huyu ana miezi minne ya mazoezi. Mbona mapigo yake ya asubuhi ni yale yale 34?" Wengi wao wamewahi kukimbia wenyewe, na wanajua kwamba binadamu akifanya mazoezi mapigo yake ya kupumzika hushuka.

Farasi hana pa kushukia. Farasi mzima aliyetulia, hata asiyefanya mazoezi kabisa, moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu zake zote hufika 220, wengine 240. Mazoezi huziacha namba hizi mbili karibu palepale. Kinachobadilika ni moyo wenyewe: chumba cha chini cha kushoto hupanuka, ukuta wake hunenepa, na kila pigo husukuma damu nyingi zaidi. Basi kazi ya jana anaifanya leo kwa mapigo machache. Hicho ndicho tunachopima.

Hatua ya 1: Tafuta mapigo ya banda

Pima alfajiri, kabla ya chakula. Pitisha vidole viwili chini ya taya, upande wa ndani wa mfupa, mpaka uguse mshipa unaoteleza kama kamba ya kiatu iliyolowa. Ubane kidogo kwenye mfupa. Usitumie kidole gumba, maana kina mapigo yake chenyewe. Sasa subiri. Pigo la farasi huchelewa kiasi kwamba mara ya kwanza utadhani mshipa umekuponyoka. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa 2, andika.

Mwenye stethoskopu aiweke kushoto, nyuma ya kiwiko, aisukume mbele hadi ndani ya kwapa. "Lab-dab" ni pigo moja. Kuna wanaohesabu mawili, wakapata 70 na kumwamsha daktari bure.

Mimi mwenyewe niliwahi kuandika 56 na kumpumzisha farasi siku mbili. Kumbe nilipokuwa nahesabu, kijana alipita nyuma yangu na ndoo ya chakula. Pima siku tano mfululizo ndipo uamini.

Hatua ya 2: Usishtuke pigo likiruka

Kuna jike mmoja aliyenitoa jasho. Mapigo matatu safi, kisha kimya, kisha matatu tena. Daktari alipofika hakutoa dawa. Aliagiza akimbizwe kidogo uani, halafu akanipa stethoskopu. Ukimya ulikuwa umetoweka. Farasi wengi wenye afya, hasa walioiva kimazoezi, huruka pigo hivyo wakiwa wametulia, kwa sababu neva inayotuliza moyo ina nguvu sana kwao. Pigo linaruka kwa mpangilio, na kazi ikianza linarudi.

Cha kuogopa ni mapigo yasiyo na mpangilio wowote, mawili ya haraka, moja la mbali, matano yaliyogongana, na farasi aliyekuwa anaongoza ghafla anaishiwa katikati ya mbio. Huo unaweza kuwa mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo. Mwite daktari, na usimpande farasi huyo mpaka apimwe.

Hatua ya 3: Jenga polepole, maana moyo hutangulia miguu

Hapa ndipo farasi wanapoharibiwa. Moyo na damu huitikia mazoezi ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano huhitaji miezi. Wiki ya nane farasi anahema vizuri, anavuta hatamu, joki (mpanda farasi wa mbio) anafurahi, nawe unashawishika kumwachia. Kano za miguu ya mbele bado hazijawa tayari.

Mimi huanza na wiki sita za kutembea na troti, mwendo wa haraka kuliko kutembea. (Kamusi za zamani zinauita mwendo huu matiti, mwambie hivyo joki wa Nairobi uone atakavyocheka.) Baadaye kanta, yaani mbio za taratibu, na shoti, mbio za nguvu zote, mwisho kabisa, mara moja au mbili kwa wiki.

Hatua ya 4: Pima kasi yake kwa mapigo 200

Ukiweza, nunua mkanda wa kupima mapigo. Lowesha manyoya vizuri mahali vinapokaa vipokezi, la sivyo utasoma namba za kichawi. Mpeleke kwa kasi inayopanda kidogo kidogo na uangalie ni kasi gani inayofikisha 200. Karibu na hapo, kwa farasi wengi, laktati, zao la misuli inayofanya kazi kali, huanza kurundikana kwenye damu. Rudia baada ya wiki nne, uwanja ule ule, joki yule yule. Kasi ikipanda kwa mapigo yale yale, moyo umekua.

Usipime farasi aliyepagawa. Akishtuka, bandama hukamuliwa na kumwaga akiba yake, karibu theluthi ya chembe nyekundu zote, na mapigo hupaa kabla hajapiga hatua. Siku hiyo namba zako ni za woga.

Hatua ya 5: Hesabu anavyorudi

Kwenye mbio za masafa marefu za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, farasi lazima ashuke hadi mapigo 64 kwa dakika ndipo aruhusiwe kuendelea. Nami hutumia 64 kama mstari wangu: baada ya kazi ya wastani nataka aufikie ndani ya dakika 10 hadi 15.

Akishatulia, fanya jaribio hili. Hesabu mapigo, washa saa, mpeleke troti mita 38 na kurudi. Saa ikitimiza dakika moja tangu aondoke, hesabu tena. Namba zikilingana, au ya pili ikiwa ndogo, yuko sawa. Ikizidi kwa zaidi ya 4, amechoka au kuna kitu kinamuuma. Mara nyingi ni mguu.

Kuhusu mvumo na mioyo mikubwa

Mazoezi yanapopanua moyo, vali (milango ya moyo) huweza kuvuja kidogo, na daktari akasikia mvumo, sauti ya damu inayovuja, ambao mwaka jana haukuwepo. Farasi wengi wa mbio hushinda wakiwa nao. Aamue daktari kwa ultrasaundi, si jirani wa banda.

Utasikia pia hadithi za mioyo ya ajabu ya farasi maarufu wa mbio. Wa Phar Lap, aliyekufa 1932, umehifadhiwa Canberra na una kilo 6 na ushei. Ule wa Secretariat unaosemwa ulikuwa na kilo 10 haukupimwa kwenye mizani. Daktari aliyempasua mwaka 1989 alikadiria kwa macho. Farasi wa kilo 450 kwa kawaida ana moyo wa kilo 4 hadi 5.

Na akilazwa wiki mbili kwa jeraha la kwato, usihangaikie moyo. Utakuta bado uko karibu pale ulipouacha. Mrudishe kwa troti hata hivyo, kwa ajili ya miguu.