Jinsi ya kulinganisha Peugeot 504 na Volkswagen ya mgongo wa kobe katika milima ya Mbeya

Kabla ya kuyashindanisha magari haya mawili, yaweke kwanza katika hali nzuri ya matengenezo, la sivyo utakuwa umewapima mafundi na si magari.

Volkswagen, ambayo injini yake iko nyuma na hupozwa kwa upepo, isetiwe valvu ikiwa imepoa kabisa, ikiwezekana asubuhi baada ya kulala usiku kucha. Katika injini nyingi za 1300 nafasi ya kuachwa kwenye valvu ni milimita 0.15, na fila geji, yaani kibamba chembamba cha chuma cha kupimia nafasi hiyo, inapaswa kupita ikikwaruza kidogo, kama karatasi inayovutwa chini ya kitabu kizito. Silinda ya 3 ikaguliwe kwa makini zaidi, kwa kuwa katika injini nyingi za zamani za gari hilo kipoza oili huizibia upepo, na valvu yake ya kutolea moshi ndiyo huwahi kuungua.

Kwa Peugeot, anza na maji. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako maji ya wazi huchemka yakifika karibu nyuzi 94, kwa hiyo mfuniko wa rejeta uliolegea springi, usioweza tena kuyabana maji yasichemke upesi, huleta hasara mapema kuliko ungefanya Dar es Salaam. Feni ya gari hili hushikwa na sumaku joto linapopanda. Waya wake ukikatika, gari litatembea vizuri tambarare kisha lichemshe mlimani. Liache liungurume likiwa limesimama hadi usikie feni ikishika, na isiposhika usipande mlima.

Kabureta zote mbili zirekebishwe papa hapa, kwa kuwa hewa ni hafifu na iliyosetiwa pwani huzidisha petroli. Plagi nyeusi zenye masizi zitakuonyesha.

Sasa jaza matenki kwenye pampu moja, pakia watu wenye uzito unaolingana, upande kutoka Uyole hadi Isyonje, ushuke Tukuyu na kurudi. Andika muda wa kupanda, kisha ujaze tena palepale: kwa kuwa njia ni moja, lita zinatosha kulinganishwa hata kama odomita, yaani mita za kuhesabu kilomita, zimekufa. Ukifika Tukuyu, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Yenye joto kuliko mwenzake ina breki inayong'ang'ania.

Katika daftari la matunzo, andika fedha na saa pia. Volkswagen hutumia oili lita 2.5 tu, lakini haina filta ya karatasi ya kuichuja, hivyo itakudai Jumamosi nyingi, kwa kuwa oili hubadilishwa kila baada ya kilomita 5,000. Peugeot hukaa kimya muda mrefu, kisha gasketi ya silinda hedi ikiungua hudai fedha nyingi kwa mkupuo, ingawa lina zake, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, hutolewa na kubadilishwa bila kuchonga bloku. Kwa mlima huo mimi ningechukua Peugeot. Anayetaka Volkswagen ainue kwanza kiti cha nyuma, kwa sababu betri hukaa hapo, na tindikali yake huenda imeshakula sakafu.