Kikundi Kikigombana, Weka Simu Chini Fungua Daftari

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa huku Mbagala. Tuko 25, wanawake tupu. Hisa moja ni shilingi 2,000, na mtu hanunui zaidi ya tano kwa mkutano. Ninayoyaandika hapa nimejifunza kwenye ugomvi nilioanzisha mwenyewe, kwa kalamu yangu.

Tunao Mama Junior wawili. (Mbagala ukiita Mama Junior wanageuka watano, kwa hiyo sisi tuna nafuu.) Mmoja alileta rejesho la 40,000, kitabu chake amekisahau nyumbani, nami nikaliandika kwenye daftari kuu ukurasa wa mwenzake. Mkutano uliofuata akasomwa kwenye wadaiwa. Akasema, "Nimelipa." Sauti ikatoka nyuma: "Wezi wote husema hivyo." Usiku ule WhatsApp haikulala.

Likikukuta, anza na simu. Andika mstari mmoja tu, "Tutalizungumza Jumamosi sanduku likiwa katikati yetu," kisha usijibu hata ukichokozwa. Mimi nilijibu mara mbili, na zote mbili zilifika kwa wifi za Mama Junior.

Hesabu usiikague peke yako, hasa kama wewe ndiye uliyeandika. Niliwaita wahesabu pesa wawili na mwanachama mmoja asiyemdhamini yeyote kati ya wanaogombana. Mdhamini ana pesa yake ndani ya ugomvi, hata akiapa. Tulianza na salio la sanduku, lile tunalolitamka kwa sauti kabla kufuli tatu hazijafungwa, ndipo tukashuka kwenye kurasa. Msianze na kurasa. Salio likilingana na daftari, fedha ipo, mnatafuta kosa la maandishi, na hapo hata sauti zinashuka. Lisipolingana, hiyo ni kesi nyingine, mpelekeeni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Letu lililingana. Dakika ishirini tu tukaiona ile 40,000.

Nikadhani yamekwisha. Wapi! Mama Junior hakuja wiki mbili. Nikamfuata kwake, nikakaa mkekani, chai nikanywa, radhi nikaomba. Akaniambia, "Shoga, wewe nilishakusamehe. Lakini nimeitwa mwizi mbele ya watu 24, halafu radhi mnaniletea uani?"

Alikuwa na haki. Tusi la mkutanoni huombewa radhi mkutanoni, tena na mdomo uliolitoa, si katibu kwa niaba. Yule wa nyuma alikataa katakata. Mtu wa hivyo usimbane kikaoni. Tulimtumia bibi mmoja wa kikundi, ambaye yule wa nyuma hana ubavu wa kumkatalia. Faini ya lugha chafu, 1,000 kwa katiba yetu, tuliizuia kwanza. Faini ikitangulia, mtu analipa na kuhesabu tusi lake limeshanunuliwa.

Jumamosi akasimama, akasema maneno manne akiangalia chini, akakaa, akatoa 1,000 yake. Mama Junior akajibu, "Yamekwisha," akanunua hisa tano.

Siku hizi kila anayerejesha anaweka sahihi kwenye mstari wake kabla hajainuka. Na daftarini kuna Mama Junior wa Kizuiani na Mama Junior wa Rangi Tatu. Wa Rangi Tatu halipendi hilo jina, anasema linamfanya aonekane kituo cha daladala.