Namna ya Kuitembelea Tukuyu na Mashamba ya Chai ya Rungwe, Hatua kwa Hatua

Kazi yangu ni kuongoza wageni Rungwe, na ratiba ninayoombwa mara nyingi ni ile ya siku moja: kutoka Mbeya asubuhi, picha kwenye chai, Daraja la Mungu, Ziwa Ngosi alasiri, kisha kurudi. Ratiba hiyo siipendi, kwa sababu huku hali ya hewa ndiyo inayopanga safari. Asubuhi milima huwa wazi. Ikifika saa saba au nane mchana, mawingu yanashuka, na anayefika Ngosi wakati huo anaangalia ukungu mtupu. Tenga siku tatu na upange kila siku kwa kufuata asubuhi yake.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Rungwe hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi hunyesha kati ya Novemba na Mei. Chai hupenda mvua hiyo. Msimu huo majani huchipua kwa kasi na wachumaji hujaa shambani, lakini njia za milimani zinakuwa utelezi. Kiangazi njia zinakauka, milima inaonekana vizuri, ila majani hupungua. Ushauri wangu ni mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni: mvua zinakatika, mashamba bado yana kijani kibichi, na mlima Rungwe, wenye karibu mita 2,960, unauona mzima asubuhi. Baridi ya Juni na Julai si ya kuchezea, kwa hiyo beba sweta zito hata kama unatoka Dar na jua lake.

Kama shabaha yako ni maua ya Kitulo, hifadhi ya taifa iliyo jirani, geuza mpango. Hayo hutaka mvua, na yako kwenye ubora wake kati ya Desemba na Aprili.

Hatua ya 2: Fika na ulale Tukuyu

Ukija kwa treni ya TAZARA, kwa basi au kwa ndege ya Songwe, kituo chako cha kwanza ni Mbeya. Magari ya Tukuyu na Kyela yanapatikana stendi ya Nanenane. Kutoka Mbeya hadi Tukuyu ni kilomita 70 hivi. Ukishapita Uyole barabara inapanda, hewa inabadilika, na migomba inaanza kuzunguka kila nyumba. Kaa dirishani.

Lala Tukuyu mjini, usilale Mbeya. Gesti zipo za bei zote. Kabla ya kulipa, fungua bomba uone kama maji ya moto yapo kweli, kisha hesabu mablanketi. Mji huu Wajerumani waliuita Neu Langenburg na wakauweka hapa juu ya kilima kwa ajili ya ubaridi wake.

Hatua ya 3: Ingia kwenye chai ukiwa na mwenyeji

Hapa ndipo ninapotaka utulie. Chai ya Rungwe, iliyoletwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, iko kwenye mashamba makubwa ya kampuni na pia kwenye vishamba vya maelfu ya wakulima wadogo, vingi vikiwa nyuma ya nyumba kabisa, chai upande huu na migomba upande ule. Shamba ni mali ya mtu hata kama halina uzio. Muulize mwenye gesti akuunganishe na mkulima, mpatane malipo ya matembezi mapema, halafu uende saa moja asubuhi umevaa gambuti, maana umande utakulowesha hadi magotini.

Salimia kwanza. Kwa Kinyakyusa, lugha ya huku, mtu mzima mwambie "Mugonile", na ukipewa kitu sema "Ndaga fijo", yaani asante sana. Salamu hiyo itakufungulia mengi.

Kisha angalia mikono ya mchumaji. Anachuma majani mawili na kichipukizi chake, anakata kwa vidole bila kuangalia, mkono wa kushoto na wa kulia kwa pamoja, na konzi ikijaa anairusha nyuma ya bega hadi kapuni. Jani la tatu limeshakomaa, linashusha ubora, kwa hiyo analiacha. Mche wenyewe ungeachwa ungekuwa mti mrefu. Usawa ule unaouona, kama meza iliyotandikwa kitambaa, unatokana na kupogolewa, kisha kuchumwa tena na tena kila baada ya wiki moja au mbili.

Mchumaji hulipwa kwa kilo. Kila dakika unayomsimamisha akutazame kwenye kamera ni majani yanayobaki kwenye mche. Omba ruhusa, piga picha akiendelea na kazi, na ukitaka mazungumzo msubiri kwenye kituo cha kupimia. Hapo utaona kwa nini kila mtu ana haraka: majani mabichi yakirundikwa yanapata joto na kuharibika, hivyo ni lazima yafike kiwandani siku hiyo hiyo. Kiwandani hunyaushwa, husagwa, huachwa yapate hewa hadi yageuke rangi ya shaba, kisha hukaushwa. Kilo moja ya chai kavu hula kilo nne hadi tano za majani mabichi. Kuingia kiwandani kunahitaji kibali, kaombe siku moja kabla.

Hatua ya 4: Ngosi, mapema

Amka saa kumi na moja alfajiri. Rudi njia ya Mbeya hadi njia panda ya Ngosi, chukua bodaboda hadi mwisho wa barabara ya vumbi, na uwe umeanza kupanda kabla ya saa mbili. Msitu ni mnene, njia inapanda taratibu, halafu kipande cha mwisho kinasimama wima na utashika mizizi kwa mikono. Juu unatokea ghafla kwenye ukingo, na ziwa liko chini sana ndani ya kreta, kijani kibichi. Usishuke majini bila kiongozi. Kiingilio lipa kwa utaratibu rasmi na udai risiti.

Hatua ya 5: Siku ya mito

Daraja la Mungu ni mwamba wa volkano uliovuka mto Kiwira, na maji yamejichimbia njia chini yake. Kijungu, kwenye mto huo huo, kiko eneo la chuo cha Magereza: jitambulishe getini na upige picha pale tu unaporuhusiwa. Mawe yake yana utelezi na maji yanazama kwenye shimo la mwamba, hivyo watoto washikwe mkono. Maporomoko ya Kaporogwe yako upande wa kusini mwa Tukuyu. Ukiwa na nguvu ya kuongeza kimoja, ongeza hayo.

Hatua ya 6: Kula na kununua

Agiza mbalaga, ndizi mbichi zilizopikwa na nyama, na maziwa mgando. Sokoni Kiwira nunua parachichi ambazo bado ni ngumu kama unasafiri mbali; zitaiva njiani. Chai inunue iliyofungashwa huku huku Rungwe. Gari la kurudi Mbeya panda kabla ya saa tisa alasiri, maana ukungu wa jioni kwenye kona za milima ya Uporoto huwapa shida hata madereva wanaoijua barabara.