Ankara ilirudi, mistari yake ikapotea

"Kaka, ankara ya jana inadai hela ila haisemi ya nini." Mhasibu wa duka la jumla ndiye aliyenipigia, saa mbili asubuhi. Ankara ilikuwa na mistari 14. Jana yake alisahihisha tarehe tu, na mfumo niliouandika mimi ukaifuta mistari yote.

Ilikuwa hivi. Mfumo unatumia Hibernate, maktaba ya Java inayogeuza rekodi za hifadhidata kuwa objekti na kuzihifadhi. Sesheni yake, yaani kipindi inachofuatilia objekti hizo, ikishafungwa, objekti uliyoisoma haifuatiliwi tena, hata ukiibadilisha vipi. Kuirudisha, nilitumia `em.merge(ankara)` (`em` ni EntityManager, kiungo cha programu na sesheni). Hiyo haiiunganishi objekti yako. Inachukua nakala iliyomo kwenye sesheni, au inaisoma kutoka hifadhidata, inainakilia thamani zako, kisha inakurudishia nakala hiyo. Kwa hiyo andika `ankara = em.merge(ankara)`. Ukiendelea na ile ya zamani, unachokibadilisha baadaye hakihifadhiwi, na wala hupati kosa la kukustua.

Sasa mistari. Orodha ambayo haijawahi kupakiwa, merge huiacha ilivyo. Orodha tupu ni habari nyingine. Fomu yangu ilituma namba, tarehe na jumla, bila mistari. Klasi ikajitengenezea `new ArrayList<>()`. Kwa kuwa nilikuwa nimeweka `orphanRemoval = true`, yaani mtoto akitolewa kwenye orodha afutwe na kwenye hifadhidata, Hibernate ikaelewa kwamba watoto wote, ndiyo mistari, wameondolewa. Ilitii nilichoiambia.

Siku hizi orodha ya kutoka kwenye fomu siipeleki kwenye merge. Ndani ya muamala (transaction) nasoma ankara upya, napatanisha kwa id:

`Ankara a = em.find(Ankara.class, fomu.id());`
`a.getMistari().removeIf(m -> !fomu.idZaMistari().contains(m.getId()));`

Iliyobaki naisahihisha mmoja mmoja, kisha naongeza mipya, kila mmoja nikiuitia `m.setAnkara(a)` kabla ya kuuingiza. Usithubutu `a.setMistari(orodhaMpya)`: Hibernate inafuatilia orodha yake yenyewe, na ukiing'oa huku orphanRemoval imewashwa italalamika.

Njia hii ina mtego wake. Merge hukagua `@Version`, namba ya toleo la rekodi, yenyewe, na mtu akiwa amekutangulia kuibadilisha unapata kosa la OptimisticLockException. Ukitumia find, linganisha mwenyewe toleo la fomu na `a.getVersion()`, maana kuliandika kwa mkono kwenye objekti inayofuatiliwa hakusaidii kitu.

Kama bado unataka merge, weka `CascadeType.MERGE` kwenye mistari ili merge ishuke hadi kwa watoto, la sivyo mabadiliko ya watoto hayanakiliwi. Miradi ya zamani utakuta `saveOrUpdate`. Hiyo huirudisha objekti yenyewe, lakini sesheni ikiwa tayari ina nyingine ya id hiyohiyo inakurushia kosa la NonUniqueObjectException. Hibernate 7 imeiondoa kabisa, na mimi sikuililia.

Kabla ya kupandisha kwenye seva, washa `hibernate.show_sql` ili uone amri za SQL zinazotumwa, fungua ankara ya mistari mitatu, badilisha tarehe, hifadhi. Utaona `update ankara` moja. Ukiona `delete from mstari`, rudi kwenye fomu.