Amoksilini: inavyoua bakteria, na jinsi ya kumpa mtoto
Amoksilini huzuia bakteria kujenga ukuta wake; maji humwingia, hupasuka. Doksisiklini, dawa nyingine ya bakteria, hulenga kiwanda cha protini ndani ya bakteria. Bakteria sugu hutengeneza kimeng'enya kinachokata pete ya amoksilini (sehemu ya dawa inayofanya kazi), au huisukuma dawa nje kama pampu. Virusi havina ukuta huo, kwa hiyo mafua usiyatibu kwa amoksilini.

Kijijini Uganda, VHT (mhudumu wa afya wa kijiji) huhesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, ili kutambua nimonia. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, hupewa kidonge 1 cha amoksilini cha miligramu 250 asubuhi na jioni, siku 5. Kiyeyushe katika kijiko cha maji safi. Homa ikishuka siku ya 2, tafadhali endelea: bakteria wagumu huenda bado wamo.