Mzazi akianza kupoteza kuona: mambo ya kufanya kwa sisi wa Mwanza

Mama yangu alikuwa anachambua dagaa pale Mwaloni Kirumba, ghafla akaanza kugonga bega kwenye fremu ya mlango, upande wa kulia tu, sisi tukasema uzee huo. Kumbe presha ya macho, yaani msukumo wa ndani ya jicho ukizidi, mara nyingi inaanza kula pembeni, katikati bado mtu anaona, meseji anakusomea vizuri tu, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Na kilichopotea kwa presha ya macho hakirudi jamani, unaokoa kilichobaki.

Kwa hiyo usianzie duka la dawa. Yapo matone yenye steroidi watu wanauziana jicho likiwa jekundu, ukiyazoea yanapandisha hiyo hiyo presha na yanaleta mtoto wa jicho. Maji ya majani na mkojo ndo kabisaaa, acheni. Nenda kliniki ya macho hospitali ya Sekou Toure, wakiona haja watakuandikia rufaa ya hospitali ya Bugando, na omba wapime presha ya jicho, sio kusoma herufi za ukutani peke yake. Ukivuka 40, au una kisukari, au ndugu wa damu ana presha ya macho, kapime hata kama huumwi popote. Kama ni mtoto wa jicho afadhali, wanafanya operesheni wanaweka lenzi.

Kuweka matone wengi tunakosea. Nawa mikono, aangalie juu, vuta kope ya chini ifanye kama kimfuko, tone moja tu, chupa isiguse jicho. Kisha afumbe, bonyeza taratibu kona ya ndani karibu na pua dakika 1 au 2, bila hivyo dawa inashuka puani mpaka kooni, ndo ule uchungu wanaoulalamikia. Dawa zikiwa mbili subiri dakika 5 katikati. Mama aliacha mwezi mzima eti haoni tofauti, nikamwelewesha kwamba yale matone hayaongezi kuona, yanazuia kupungua, na ni ya kila siku.

Nyumbani usihamishehamishe vitu, ndoo na jiko vikae palepale. Ugali kwenye sahani nyeupe hauonekani, sisi tulinunua sahani za bluu na mama akaacha kupapasa chakula. Ngazi pakeni chokaa ukingoni.

Njiani usimvute mkono! Yeye ndo akushike juu kidogo ya kiwiko, wewe utangulie nusu hatua, mwili wako unamwambia kila kitu. Kwa sisi wa milimani huku Mabatini kwenye mawe, simama kwanza, mwambie tunashuka, ndo mshuke. Noti akunje kila aina kwa namna yake ili azitambue kwa vidole, na kwenye simu ya Android washa TalkBack inamsomea yenyewe, wiki ya kwanza atachukia, mvumilie.

Msaada mwingine, muoneni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ulizeni pia Chama cha Wasioona Tanzania, TLB, na ile mikopo ya halmashauri, ambapo 2% ya mapato yake ya ndani ni ya watu wenye ulemavu, maana mama hakutaka kukaa bure na kuchambua dagaa kwa vidole bado anaweza. Kama asiyeona ni mtoto, msimfiche ndani, ipo shule ya msingi Mitindo kule Misungwi inayopokea watoto wasioona, nendeni na mtoto mwenyewe mkaulizie nafasi.